Alhamisi za Mimi na Mama Mapazia

Mimi shule niliipitia kama mtu anayepita nje ya nyumba ya jirani: nikachungulia, nikasalimia, nikaenda zangu. Baba alikuwa fundi makochi, mkono ukaanza kumsumbua, akahitaji mkono mwingine, na mkono wenyewe ukawa wangu. Kusoma najua, polepole. Kuandika nako najua, ila ukinipa kalamu natokwa jasho kuliko nikibeba kabati. Kwa hiyo mtu akisema mapenzi ya uzeeni niliyapata kwa kuandika, mimi mwenyewe nacheka kwanza. Halafu nazikumbuka zile Alhamisi, na kicheko kinakatika.

Aliyeyaleta mambo yote ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pili. Tangu anajifunza kutembea namwita mke wangu, naye ananiita mume wangu, ndio utani wetu. Alikuwa ametoka chuo, kapata kazi kwenye kampuni ya matangazo, na kila akipita dukani anayaangalia makochi yangu kwa huruma kama anaangalia wagonjwa.

"Mume wangu, biashara yako imejificha," akaniambia siku moja.

"Imejificha wapi, na kibao kile pale nje?"

"Kibao kinasomwa na anayepita. Asiyepita je? Nakufungulia blogu. Kila wiki unaandika kitu kifupi, watu wanakisoma kwenye simu zao huko waliko, wanakuzoea. Siku kochi lao likivunjika wanakukumbuka wewe."

"Niandike nini?"

"Kuhusu kazi yako."

"Kazi yangu ni kupigilia misumari."

"Basi andika hicho."

Nikaandika hicho. "Tunatengeneza makochi ya aina zote. Karibuni sana." Nilimaliza asubuhi nzima, na nilipotazama nikaona nimeshasema kila kitu kinachoweza kusemwa duniani kuhusu makochi. Wiki iliyofuata mjukuu akapiga simu kuuliza kama nimeandika. Nikamwambia mbona nilishaandika. Akaniambia, "Babu, ni kila wiki, kama kuoga." Nikamwambia mimi naoga kila siku na sijawahi kukosa cha kuosha, lakini haya maneno yameniishia. Basi ikawa akipiga simu naisukuma chini ya sponji, iite humo mpaka ichoke.

Sasa, ukuta wa pili ulikuwa duka la Mama Mapazia. Ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao nyembamba, ukipiga chafya huku unaambiwa pole kule. Alihamia pale baada ya mumewe kufariki. Kwanza nilimjua kwa cherehani yake. Akiwa na furaha inakwenda moja kwa moja kama mtu anayeteremka mlima, akiwa na mawazo inakwenda inasimama, inakwenda inasimama. Alikuwa mwanamke wa kimya, miwani imefungwa kamba, tepu ya kupimia shingoni, pini kwenye kona ya mdomo. Tuliazimana chaki. Anayebadilisha kitambaa cha kochi hutaka na mapazia, na anayebadilisha mapazia hugundua ghafla kochi lake limechakaa, kwa hiyo wateja tulikuwa tunapokezana. Zaidi ya hapo ni salamu tu. Mimi mama watoto wangu alikuwa ameshafariki muda mrefu. Hakunifanyia baya hata moja maishani isipokuwa kuondoka, na nilikuwa nimezoea kuwa mtu wa salamu tu.

Alhamisi moja nikaenda kuomba chaki. Nikamkuta kaishika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyevunja sahani ya wenyewe.

"Vipi, Mama Mapazia, kuna habari mbaya?"

"Mbaya gani. Ni huyo mjukuu wako."

"Kafanya nini tena?"

"Kanifungulia na mimi. Blogu. Nimeandika 'Mapazia mapya yamefika', na tangu nifungue duka nimekaa hapa natafuta sentensi ya pili."

"Na mapazia yamefika kweli?"

"Hata hayajafika. Nimekosa cha kusema, nimeishia kusema uongo."

Nikacheka mpaka nikaushika mlango. Naye akanitazama kwanza, akahakikisha nacheka kwa wema, ndipo akacheka, pini zikamwagika chini. Tukainama wote wawili kuziokota. Nawaambia ukweli, sikumbuki kama chaki niliipata.

Pale ukutani lilining'inia pazia zito, jeusi upande mmoja, waridi upande wa pili. Nikamuuliza ni la nani.

"La nesi mmoja. Analala mchana, jua linamsumbua. Nikamshonea weusi uelekee dirishani. Akaniambia, lakini mama, nikiamka nisione giza. Ndio nikamwekea waridi kwa ndani."

"Sasa hilo mbona huliandiki?"

"Hilo si umbea?"

"Umbea uko wapi? Hilo ni pazia."

Akalitazama lile pazia. Halafu taratibu akaanza kugonga simu, kidole kimoja lakini chenye mwendo. Ndipo nikajua kwamba alipokuwa msichana alikuwa karani wa kuchapa. Miaka na miaka alichapa barua za wakubwa. Wanasema, yeye anachapa. Wanapiga chafya, karibu aichape nayo. Mwambie andika hiki, ataandika bila kukosea. Mwambie sema chako, anakwama. Na mimi ni kinyume chake, kusema hunizuii hata ukinifunga kitambaa mdomoni, ila vidole vyangu kwenye simu vinakanyaga herufi tatu kwa mpigo. Mungu alitugawia kitu kimoja, kila mtu nusu, halafu akaweka ukuta wa mbao katikati.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila Alhamisi, tukishafagia na kabla joto halijapanda, navuta kigoda hadi dukani kwake na birika la chai. Yangu nasema mimi anachapa yeye. Yake namuuliza maswali mpaka anasahau kwamba anaandika, anajibu kwa mdomo na kidole pamoja. Tukawa na sheria moja tu, tena aliitunga yeye: chai ikiisha, tunatuma. Hakuna kurudia, hakuna kuremba. Hata sentensi ikiwa imeachwa mguu mmoja hewani, birika likikauka inaondoka hivyo hivyo.

Mjukuu alitushangaa. "Mlikuwa mnanikimbia, sasa hamkosi hata wiki moja. Mmefanyaje?"

"Tunakunywa chai," nikamwambia.

"Na kuandika?"

"Kuandika kunatokea tu katikati."

Na watu wakaja, hilo lazima niliseme maana ndilo tulilokusudia. Niliandika habari za kochi la mwalimu lililojaa vumbi la chaki mpaka nikilipiga linatoa moshi. Niliandika habari za ndugu waliogombania kiti cha baba yao, na walipofika dukani hakuna hata mmoja aliyeweza kukikalia, kinauma. Mama mmoja alikuja na kiti kizima, hakina hata msumari uliolegea. Nikamuuliza nikitengeneze wapi. Akasema, "Sitaki ukitengeneze, nataka ukiandike." Mama Mapazia akaambiwa mapazia yake yanawaliza watu. Akashtuka, akadhani wamepata mzio wa kitambaa.

Nikikumbuka sasa, wateja nimewasahau karibu wote. Ninayemkumbuka ni yeye, anavyovuta miwani ishuke puani, anavyonikazia macho nikianza kupotea njia, "Fundi, turudi kwenye kochi." Jumatano jioni nilikuwa najikuta naosha birika ambalo ni safi. Binti yangu akaniuliza mbona siku hizi nanyoosha shati la kazini. Nikamwambia sponji haipendi mikunjo. Hata mimi mwenyewe jibu hilo sikulielewa.

Kwenye msimu huohuo mwanawe wa kwanza akaanza kumpigia simu. Yule bwana ni meneja wa ghala, mji mwingine, ana nyumba kubwa na watoto watatu. Ukuta ni wa mbao, nilisikia bila kutaka. Mama uje ukae na sisi. Mama chumba kipo. Mama kwa nini ushone mapazia ya watu mpaka macho yaishe. Naye anajibu, "Nitafikiria, mwanangu," na cherehani inakwenda inasimama, inakwenda inasimama. Sikumuuliza. Ningemuuliza kama nani?

Ndipo likaja kochi la watu wawili.

Lilikuwa la velveti ya kijani iliyopauka. Mwenyewe alikuwa mstaafu, kalileta kwa gari la kukodi, kasema upande mmoja umekufa. Nilipolivua nikakuta kweli, springi za kushoto zimelala kabisa, za kulia bado zinasimama. Alhamisi ilipofika nikawa na kochi hilo tu kichwani.

"Anza," akasema Mama Mapazia, kidole tayari.

"Wiki hii nimeletewa kochi la watu wawili," nikasema. "Upande mmoja umezama, wa pili mzima. Vijana wakiona hivyo wanasema fundi aliyelitengeneza alikosea. Hakukosea. Kochi hili lilikaliwa na wawili, halafu likakaliwa na mmoja, na yule mmoja hakusogea."

Kidole kinagonga.

"Mwenyewe kaniambia nitengeneze upande wake tu, ule mwingine niuache ulivyo. Nimemwelewa. Na mimi nyumbani nina la kwangu kama hili. Upande wa marehemu mke wangu sijaukalia tangu aondoke. Wageni wakija nawatolea kiti cha jikoni. Wanangu wanasema baba, utatuvunja migongo."

Akatabasamu bila kusimamisha kidole. Nadhani ni lile tabasamu. Mtu ukizoea kusema ukijua maneno yako yanapokelewa, unasahau breki.

"Lakini siku hizi nikiingia ndani jioni namkuta mtu amekaa pale. Sikumweka mimi. Nafungua mlango, namkuta. Ana miwani ya kamba na tepu shingoni, na nikisema neno la kuchekesha ananitazama kwanza usoni ndipo acheke. Huyo akija kweli, kiti cha jikoni sitakitoa. Nitamwambia akae."

Kidole kikasimama. Nje mtu alikuwa anavuta mkokoteni, nikawa nasikia gurudumu lake linalia. Halafu kidole kikaendelea, kidogo, kikasimama tena.

"Hiyo ya mwisho usiiandike," nikasema.

"Ipi ya mwisho?"

"Kuanzia... kuanzia nikiingia ndani jioni."

"Chai imeisha," akasema, bila kuniangalia.

Palepale akaingia mteja na vipimo vya madirisha yake. Simu ikaingia mfuko wa aproni. Nikachukua kigoda changu na birika langu, nikaenda kupigilia misumari mahali ambapo haikuhitajika.

Ijumaa duka lake halikufunguliwa. Nikazunguka mbele ya kufuli lile kama paka. Mchana akaja mjukuu, kasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Mume wangu, kama umeniacha ungeniambia mimi kwanza. Mke mwenza naletewa kwenye simu?"

"Mke mwenza gani?"

Akasoma. Neno kwa neno, mpaka "nitamwambia akae". Nikakaa mimi, tena juu ya springi tupu ambazo zilikuwa hazijafunikwa.

"Futa," nikamwambia.

"Imeshasomwa na watu wengi."

"Futa hivyohivyo. Yule mama mkono wake ni wa kikarani, anachapa kila kinachosemwa. Chai iliisha, katuma kwa mazoea. Nimemwaibisha. Huoni hajaja?"

"Babu." Akiniita babu najua utani umekwisha. "Nikiifuta ni kama nimetangaza kwamba si kweli. Ni kweli au si kweli?"

Nikaangalia velveti.

"Basi siifuti," akasema, akanibusu kipara, akaenda kazini.

Jumamosi asubuhi nikasikia mlango wa pili unafunguliwa. Nikaweka nyundo chini. Lakini haikuwa cherehani iliyofuata, ilikuwa sauti ya reli za mapazia zinashushwa ukutani, na maboksi yanaburutwa. Nikasikiliza mpaka nikashindwa. Nikavua aproni, nikaenda.

Mwanawe alikuwa juu ya ngazi ndogo, mrefu, shati la ofisini, jasho mgongoni. Mama yake amekaa nyuma ya cherehani, mikono mapajani. Hakushona, hakufungasha.

"Shikamoo, mzee," akasema yule bwana. Alikuwa na hasira, lakini shikamoo alinipa, na palepale nikajua kalelewa.

"Marahaba, mwanangu."

Akashuka ngazi. "Mzee, mimi nakuheshimu. Lakini nataka nikuulize. Unajua habari za mama yangu nimezipata wapi? Kwa mama wa kantini. Nimepanga foleni na sahani yangu, ananiambia hongera, mama anaolewa lini? Vijana wa ghala wote nyuma yangu wakanyamaza wasikie nitajibu nini."

"Ulijibu nini?"

"Nilisema niongezewe maharage. Ningesema nini?"

Mama Mapazia akainamisha uso. Sikujua kama analia au vipi.

"Mama yangu ni mtu wa kimya," akaendelea. "Mambo yake hayajawahi kutoka nje ya mlango. Leo nyumbani kwako anaonekana amekaa kwenye kochi, na kila mwenye simu amemwona. Baba yangu alikuwa na jina. Watu watasema nini?"

"Kakaa kwenye mawazo yangu, mwanangu. Nyumbani kwangu hajakanyaga."

"Aliyesoma anajua tofauti hiyo?"

Alikuwa na haki yake. Nikamwambia, "Sikiliza. Lile neno nilitakiwa kulileta kwenu kupitia wazee na kwa adabu, siyo kulimwaga na chai. Lawama ni yangu. Mama yako alichapa kwa sababu mkono wake umezoea kuchapa. Nitamwambia mjukuu alifute. Na kama mmoja ni lazima aondoke hapa ili maneno yaishe, nitaondoka mimi. Fundi makochi hahitaji zaidi ya nyundo. Yeye mwache. Hapa ana wateja wake, ana dirisha lake la mwanga."

Yule bwana akanitazama, nyundo ya kung'olea misumari mkononi. Sijui angesema nini, maana mama yake alimtangulia.

"Nani kakwambia mkono wangu haujui unachofanya?"

Tukageuka wote wawili.

"Fundi, nakuuliza wewe. Nani kakwambia?"

"Si nilisema usiandike, na ukasema chai imeisha."

"Iliisha. Lakini sikutuma." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa kilichokuwa kwenye cherehani. "Wiki zote tangu tuanze, chai ikiisha natuma. Siku ile sikutuma. Nilikwenda nayo nyumbani. Nikapika, nikashindwa kula. Nikaisoma, nikaiweka, nikaisoma. Mahali pamoja ulisema neno lile lile mara mbili, nikakata moja. Asubuhi nikaoga, nikakaa kitandani, nikatuma. Halafu nikaona haya kupita mbele ya mlango wako, ndiyo maana sikufungua duka. Siyo aibu. Haya. Na wewe ukakaa huko unasema nimetuma kwa mazoea."

Jamani, nikajikuta nimeshika reli moja ya pazia, sijui niliiokota saa ngapi.

"Mama," akasema mwanawe, polepole sasa. "Ungeniambia."

"Ningekuambia lini? Tangu asubuhi unafunga maboksi. Umeniuliza cherehani iende na gari gani. Umeniuliza wajukuu waniite bibi au nyanya. Kama nataka kwenda hujaniuliza."

"Nilidhani unataka. Kila nikipiga simu unasema utafikiria."

"Nilikuwa nafikiria kweli." Akauangalia ukuta wa mbao, akaniangalia mimi. "Nawapenda wanao, nitakuja kuwaona mpaka mnichoke. Baba yako nilimpenda, nilimzika, nililia, na wewe ulikuwepo. Lakini mimi bado nipo, mwanangu. Maisha yangu yote nimechapa maneno ya watu kwenda kwa watu. Safari hii moja maneno yalikuwa yanakuja kwangu. Ulitaka niyakatize?"

Yule bwana akakaa juu ya boksi. Boksi likazama kidogo, likamshika. Sasa akawa kama alivyokuwa zamani, nadhani, wakati mama yake anamrekebishia sare ya shule.

"Fundi, kaa," akasema Mama Mapazia.

"Kigoda kiko kwangu."

"Kaa kwenye kiti changu." Akasimama, akanipisha, akanikabidhi simu yake mkononi. Ilikuwa ya moto. "Watu wamesoma ya kwako. Yangu hawajasoma. Leo nasema mimi, wewe andika."

"Mimi? Tutalala hapa."

"Tulale. Andika. 'Nimeshona mapazia ya nyumba nyingi mtaa huu.'"

Nikaanza. N ikatokea, I ikatokea na jirani yake, nikamfuta jirani. Akasubiri. Ndugu zangu, hakuna aliyewahi kunisubiri vile, si mwalimu, si baba. Kasimama pembeni yangu, mkono juu ya cherehani, hana haraka ya kitu chochote duniani.

"'Nyumba moja sijaishonea,'" akasema nilipofika. "'Mwenyewe anatengeneza makochi ya watu, na dirishani kwake katundika shuka.'"

"Umejuaje kama ni shuka?"

"Mjukuu wako ananiambia kila kitu. Andika."

Nikaandika shuka. Lilichukua muda wake.

"'Duka langu halifungwi. Wiki ijayo nitarudisha reli ukutani, na mwanangu atanisaidia, kwa sababu ndiye aliyezishusha.'"

Kule kwenye boksi pakatoka sauti, nusu kikohozi, nusu kicheko. Nikaendelea kukanyaga herufi moja moja, ulimi nimeutoa kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilipomaliza nikanyanyua uso. Alikuwa hanitazami mimi tena, anamtazama mwanawe.

"'Na mwenye nyumba hiyo,'" akasema, na sauti ikapungua kidogo, "'akiwatuma wazee wake nyumbani kwa mwanangu kwa adabu, mwanangu atawapokea.'"

Nikaandika mpaka "mwanangu". Nikasimama hapo. Neno lililobaki halikuwa langu, wala halikuwa la mama yake, na sote tulijua. Akina mama waliokuwa wanapita nje walitusalimia, hakuna aliyeitikia. Yule bwana aliziangalia reli zilizolala sakafuni, aliangalia viatu vyake, alimwangalia mama yake kwa muda mrefu sana. Halafu akanyanyuka, akajifuta vumbi, akaja akasimama nyuma ya bega langu. Nikamsikia anavyopumua.

"Mzee, mbona umesimama?"

"Nasubiri."

"Andika. Mama ataendelea kusimama hapo mpaka lini?"

Nikaandika a, nikaandika t, nikaenda vizuri mpaka katikati ya neno, halafu kidole kikaanza kuzunguka juu ya kioo hewani, macho yakawa yameingia maji, herufi zote zinaogelea.

"P iko juu, mzee, kulia kabisa," akasema yule bwana, akainama karibu yangu. "Hapo hapo. Bonyeza."